Mkono wa Mlinzi

Jirani yangu ni mlinzi wa geti la kiwanda. Hasemi sana, mkono wake mpana humsimamisha mtu kabla hajasalimia. Jana nilimkuta amechuchumaa kwenye banda la simbilisi wake, vijinyama vya kufugwa mfano wa panya wasio na mkia. Kila mara wale wa zamani walipomsogelea simbilisi mgeni aliyemleta juzi, aliuingiza mkono huo katikati.

"Watamuua! Tangu aje hajala kitu."

"Hebu toa mkono, baba," mkewe akacheka. "Wanamnusa wamjue. Hapa si getini."

Akautoa. Wakanusana, wakafukuzana kidogo, kisha mgeni akaanza kutafuna majani ubavuni mwa wenzake. Mlinzi akauficha mkono mfukoni, akanitazama kama mtu aliyefumaniwa. Niliinamisha macho kwa aibu. Walipofukuzana, mkono wangu nao ulikuwa umeshafika kwenye mlango wa banda, tayari kuwatenganisha.