Mwaka Tulipobomoa Mlima wa Theluji wa Panda

Katika kambi ya Panda, kambi ya kampuni ya shaba mjini Likasi, nyuma ya klabu ya wafanyakazi, kulikuwa na jengo refu la mabati ambalo watoto waliliita Pulufu. Ndani yake mlikuwa na mfereji wa simenti uliojaa maji, na vimashua vya mbao vya kukaliwa na watu wanne. Mashua ilizunguka ukumbi polepole ikisukumwa na maji ya pampu, ikafika chini ya mlima, ikavutwa na mnyororo hadi kileleni, kisha ikaachiliwa. Iliteremka mbio na kuangukia bwawani: pulufu! Waliokaa mbele walilowa, waliokaa nyuma walicheka.

Wazungu waliijenga kwa ajili ya watoto wao, na mlima walioutengeneza ulikuwa wa kwao: theluji juu, ng'ombe wenye kengele shingoni, kijumba cha mbao chenye maua dirishani. Enzi hizo sisi wa kambini tulisikia makelele tu kutoka nje. Baba yangu aliingia kwa mlango wa nyuma, kwa kuwa yeye ndiye aliyetunza pampu na mnyororo. Kila Jumamosi, kabla ya watoto wa Wazungu kufika, alitakiwa apande yeye kwanza, ili kama kuna kitu cha kukatika kikatike naye. Mama alituambia kwamba siku hizo baba alirudi nyumbani salopeti yake ya kazi imelowa kifuani na uso mzito kama wa padri aliyemaliza kuzika.

Kampuni ilipotwaliwa na serikali, milango ilifunguliwa kwa familia zetu. Watoto wa Panda na wa kambi jirani ya Shituru walipanga mstari kila Jumapili baada ya Misa. Lakini Pulufu ilikuwa imezeeka. Mashua zilivuja, mnyororo ulikwamakwama, na theluji ilikuwa imegeuka rangi ya chai ya maziwa. Baba hakuyaona hayo, au aliyaona akayasamehe. Yeye alikuwa mtu mkali, aliyeletwa kutoka Kasai na wazazi wake akiwa bado anabebwa mgongoni, na sijapata kumwona akikibembeleza kitu kama alivyoibembeleza ile pampu.

Basi akaja injinia mmoja kijana, mtoto wa nchi, aliyekuwa amerudi kutoka masomoni Ulaya, akakabidhiwa majengo yote ya kambi. Ilikuwa ile miaka ya kurudi kwenye asili. Tulikuwa tumeyaacha majina ya ubatizo, wanaume wameziacha tai, tunaitana citoyen na citoyenne, yaani raia. Injinia akasema haifai watoto wa Likasi wateremke kutoka kwenye theluji ambayo hawataigusa maishani, na huku ziwa Tshangalele liko jirani. Mlima wa Wazungu ubomolewe, lijengwe ziwa letu.

Mimi nilikuwa mwalimu wa ushonaji katika fuaye, nyumba ambako kina mama wa kambi walijifunza kushona na kupika. Injinia alikuwa ameliona pango la Noeli nililolitengeneza parokiani kwa magunia na plasta, akaniomba nimtengenezee hilo ziwa: ukuta, wanyama, na anga juu yake. Nilikubali palepale kwa furaha. Jioni, kabla sijafungua mdomo, baba alikuwa ameshaambiwa.

"Weye njo utavunja mulima yangu?" aliniuliza.

Nikamjibu kwamba mimi ni wa kupaka rangi tu, wa kuvunja ni wengine. Tangu jioni hiyo alizungumza nami kupitia kwa mama, ingawa tulikula meza moja. "Ambia mutoto yako anipatie munyu," alisema, nami nikampa chumvi, naye akamshukuru mama. Mama, ambaye alikuwa wa kabila la hapahapa, Msanga, na hakuwa na subira na ukaidi wa wakwe zake, alitubeba hivyo kwa majuma, akipitisha maneno huku na huku kama anayepitisha sahani.

Siku ya kuanza kubomoa, wafanyakazi walianza na ng'ombe mmoja. Walipomng'oa, alitoka na ubao wake, na ubao ukatoka na mwingine, kisha upande mzima wa mlima ukateremka wenyewe bila kuguswa, ukajaza ukumbi vumbi. Walikimbia kumwita baba. Alifika akasimama mlangoni, akavua kofia. Ndani ya mlima hamkuwa na kitu. Mchwa walikuwa wamezila mbao zote, wakabakiza ngozi ya plasta na rangi. Nguzo zilizoshika reli ya mashua nazo zilikuwa zimeliwa hadi katikati. Kila mmoja wetu alikuwa akiwafikiria watoto wa Jumapili iliyopita.

Baba aliokota kipande cha nguzo, kikavunjika mkononi mwake kama mkate mkavu. Akamgeukia injinia.

"Haya. Tujenge ingine," alisema. "Lakini ya chuma."

Kisha akanigeukia mimi, bila kupitia kwa mama. "Na weye, ile ziwa utaijengaje? Haujafika kule hata siku moja."

Ilikuwa kweli. Nilikuwa nimelijua Tshangalele kwa samaki wake waliofika sokoni wamekauka. Kwa hiyo baba akaomba nafasi katika lori la kampuni lililokwenda kuchukua samaki, tukapanda wawili. Nilipoliona lile ziwa sikujua nianzie wapi. Maji yalikuwa na rangi nyingi kuliko nilizokuwa nazo kwenye makopo, na miti iliyokufa ilisimama ndani yake, kila tawi na ndege wake. Nilichora hadi vidole vikauma. Nilitaka hasa kumwona kiboko, kwa kuwa kiboko niliyekuwa nimeanza kumtengeneza alifanana na nguruwe, na kila aliyepita aliniambia hivyo.

Tukamwuliza mama mmoja aliyekuwa akigeuza samaki juu ya moshi, viboko wanaonekana wapi. Akatuonyesha upande wa matete. Baada ya kungoja sana nikaona masikio mawili, macho mawili na matundu ya pua, basi. Nikamwambia yule mama kwamba mimi nataka kumjenga mzima, na tumbo lake. Aliniuliza kwa upole kwa nini nataka kujenga tumbo, wakati yeye amezaliwa hapo na tumbo la kiboko hajaliona. Baba alicheka njia nzima ya kurudi. Viboko wangu wakawa masikio, macho na pua tu, wakitokeza majini, na hakuna tena aliyewaita nguruwe.

Kazi yenyewe ilitutoa jasho. Bwawa lilipokaushwa, simenti ilipasuka kwa joto la Oktoba, ikabidi nyufa zizibwe kwa lami, na ukumbi ukanuka kama barabara mpya. Mnyororo ulioagizwa Ulaya ulipotelea njiani. Wengine walisema uko bado bandarini Matadi, wengine walisema ulionekana Ilebo. Injinia alikonda. Mwishowe yeye na baba wakakubaliana kutumia kipande cha mkanda wa mpira, ule unaobeba mawe ya shaba kiwandani. Waliutandika juu ya reli mpya ya chuma, na wote wawili wakaingia katika mashua kuujaribu, baba mbele, injinia nyuma.

Walipanda taratibu, wameketi wima kama watu wanaopigwa picha. Walipokaribia kileleni, mpira uliokuwa umelowa ukaanza kuteleza. Mashua ikasimama. Kisha ikarudi kinyumenyume, polepole mwanzoni, halafu mbio, ikagonga mashua iliyongoja chini, na wote wawili wakaingia majini na nguo zao zote. Injinia aliibuka bila miwani. Sisi wengine hatukuthubutu kucheka, maana mmoja alikuwa mkubwa wa kazi na mwingine alikuwa baba yangu. Baba alipapasa chini ya maji, akaipata miwani, akampa, akamwuliza kama Ulaya nako wanafundishwa kuteremka kinyume. Injinia aliivaa ile miwani ikichuruzika maji, akacheka hadi akashika ukingo wa mfereji. Hapo sote tukacheka.

Kuanzia siku hiyo injinia alikula kwetu mara kwa mara, akamwita baba Tata, kama baba yake mwenyewe, na mama akaanza kupika bukari, ugali wetu, ya mtu mmoja zaidi bila kuuliza. Dawa ya mkanda ilikuwa kuufungia vipande vya matairi ya lori, kimoja baada ya kingine, kama vidato vya ngazi. Mpaka leo sijui wazo lilikuwa la nani. Nilipomwuliza baba alisema ni la injinia, na nilipomwuliza injinia alisema ni la baba.

Shida ya mwisho ilikuwa yangu. Rangi ya mafuta niliyoahidiwa kutoka Lubumbashi haikufika. Ukuta niliumaliza kwa ile iliyobaki, lakini anga lote la dari nililipaka chokaa iliyochanganywa na unga wa buluu. Lilipokauka lilipendeza ajabu. Watu waliingia kulitazama tu na kutoka.

Siku ya ufunguzi walikuja wakubwa wa kampuni na kiongozi wa chama wa hapo mjini, amevaa abacost nyeupe, suti ya enzi hizo isiyo na tai. Walikuja kina mama wa fuaye wamejifunga vikwembe vipya vya kitenge, na watoto wengi kuliko ukumbi ulivyoweza kubeba. Mashua zikazunguka, zikapanda, zikateremka, na watoto wakapiga makelele ya kuziba masikio. Joto la watu na mvuke wa maji vilipanda hadi kwenye mabati, vikapoa, vikashuka tena. Tone la kwanza lilianguka kwenye bega la kiongozi wa chama. Lilikuwa la buluu. Likafuata la pili, la tatu, kisha anga langu zima likaanza kunyesha.

Makelele yakakatika. Injinia alikuwa karibu nami, nikamsikia akivuta pumzi asiitoe. Mtu aliweza kupoteza kazi kwa mambo madogo kuliko hilo, na sote tulilijua. Kiongozi alilitazama bega lake, akatazama juu, akauliza hii ni nini. Baba, aliyekuwa amesimama kwenye pampu, alivua kofia akasema kwa ule uso wake mzito:

"Ni mvula, citoyen. Tulijenga ziwa, nayo ikaita mvula."

Tumbo la kiongozi likaanza kutikisika, akacheka, na wenzake walipoona anacheka nao wakacheka, na watoto wakakinga mikono wapate matone. Injinia akatoa pumzi. Kwa muda mrefu baadaye ulimjua aliyekuwapo siku ile kwa madoa ya nguo yake. Kina mama wengine hawakuhangaika kuyafua.

Watu walipopungua, baba alimwita mama. Mama alikuwa amekaa karibu na mlango, mkoba mapajani, kama mtu anayengoja treni. Hakuwahi kupanda, maji aliyapenda yakiwa ndani ya sufuria. Alikuja kwa sababu baba alimwita mbele za watu.

"Kama unaniangusha mu mayi," alimwambia akiingiza mguu mmoja, "leo hautakula."

Nilipanda nyuma yao. Mama alifumba macho tangu tulipoondoka, akapita viboko wangu na ndege wangu wote bila kuwaona, na tulipoteremka alilishika sikio la baba akalivuta hadi bwawani. Baba alitoka maji yanamchuruzika, sikio limevimba, hakulalamika. Mama alifumbua macho, akajitazama, akaona bado yuko mzima.

"Turudilie," alisema. "Ile ya kwanza sikuona kitu."

Tulirudia hadi wafanyakazi wakataka kufunga.

Pulufu mpya ilidumu miaka michache. Nilipata rangi ya mafuta, nikalipaka anga upya. Halafu vipuri vikaadimika kila mahali, kiwanda cha Shituru kikakosa pampu, na pampu ya baba ikang'olewa ikapelekwa huko. Injinia, ambaye wakati huo alikuwa amehamishiwa Lubumbashi, alikuja mwenyewe kumpa baba habari, asije akaisikia njiani. Jengo likafungwa, kisha likafunguka lenyewe, na kina mama wa jirani wakauona mfereji unafaa kuloweka mihogo.

Baba alikuwa amekwisha kustaafu. Asubuhi moja alivaa kofia, akaenda Shituru kwa miguu bila kutuambia. Alirudi mchana, akanawa, akakaa mezani. Mama akamwuliza alikokuwa. Akasema aliwaomba walinzi wamruhusu aisikilize pampu kidogo, nao wakamruhusu.

"Iko nalia muzuri," alisema.

Mama alimwongezea samaki.