Kifuniko cha Tangi

Kwenye yadi ya vyuma chakavu walimwita Mama Gramu, maana hakuwa na masihara na mizani. Ulete geti, ulete springi, ulete sufuria iliyotoboka, alikigonga kitu chako kwenye jiwe kwanza, kwa! kwa! kwa!, kutu idondoke, ndipo akipime. Kiwanda hakikununua kutu. Kwa miaka kumi na tisa mkono wake ulikuwa unagonga kabla kichwa hakijaamua.

Kitu kimoja tu hakukigonga: kifuniko cha tangi la maji, duara la chuma la kubebwa kwapani. Mumewe, fundi wa kuchomelea, aliingia ndani ya tangi hilo kuziba ufa. Lilikuwa limefungwa miaka miwili. Wenzake walisikia nyundo ikigonga mara mbili, kisha kimya. Walipomtoa alikuwa ameshakata roho, hana hata mchubuko. Mhandisi aliyekuja kuchunguza alimweleza mjane polepole.

"Chuma kikipata unyevu, mama, kinavuta hewa. Ile oksijeni tunayoivuta sisi inashikamana nacho, inakuwa kutu. Tangi lilikuwa limefungwa, basi chuma kikaimaliza. Yeye alipoingia, hapakuwa na cha kuvuta."

"Na hewa yenyewe ilikwenda wapi?"

"Haikwenda popote. Imo humo kwenye kutu. Ndiyo maana chuma kikishika kutu kinaongezeka uzito."

Bora angenyamaza. Mama Gramu aliomba kile kifuniko, akakiweka chumbani chini ya dirisha lililovuja, na kila mwaka, siku ile ile, alikipima. Kilo tatu na gramu mia moja ishirini. Mwaka uliofuata, mia moja ishirini na sita. Kisha mia moja thelathini na tatu. Kilikuwa kinakua.

Binti yake wa pekee alikiogopa. Akija kumsalimia mama hakukubali kulala chumba kile; alisema kifua kinambana.

"Bado kinakula, mama. Sasa kinakula hewa yako."

"Pumzi ya baba yako imo mle. Nimtupe?"

Walibishana mpaka wakachoka, wakaafikiana mizani iamue. Mwaka wa nane, kikiongezeka, binti hatafungua tena mdomo. Kikipungua hata gramu moja, kinapanda lori la kiwanda.

Asubuhi hiyo yadi ilikuwa na foleni. Mama Gramu alimpimia mtu mabomba, akampimia mwingine kitanda, kwa! kwa! kwa!, huku akimtania mwenye kitanda kwamba mkewe atamlaza sakafuni. Binti akakitoa kifuniko kwenye gunia, akampa. Mama alikuwa bado anacheka. Mkono ukapokea.

Kwa!

Kutu ikabanduka kama ukoko wa sufuria, mabamba kwa mabamba, na vumbi jekundu likampanda usoni.

"Mama!"

Mama akakiweka kwenye mizani. Kilo tatu na gramu arobaini na moja. Chini hata ya siku ya kwanza, kwa sababu kutu haikuondoka na hewa peke yake, iliondoka pia na chuma ilichokuwa imekila.

Binti alikuwa ameshinda, na hakuna aliyewahi kuuchukia ushindi wake namna ile. Alipiga magoti, akaanza kuzoa vile vipande kwa viganja, akilia.

"Tunakusanya, mama. Tunakusanya vyote, tunavipima pamoja. Uzito utarudi ule ule, hakijapotea kitu."

Mwenye kitanda naye akainama kusaidia. Mama Gramu hakuinama. Alisimama palepale vumbi lilipomkuta, ladha ya damu ulimini, kiganja kimeziba mdomo na pua, macho yamemtoka.

"Mama, pumua! Ni vumbi tu umevuta. Pumua!"

Akatikisa kichwa. Miaka minane alimlaza mumewe chini ya dirisha na kumpandisha kwenye mizani. Leo alikuwa naye kifuani, na hakuwa tayari kumtoa.