Mhudumu wa Maiti na Kicheko Chake

Wenzake hospitalini walimwita Waziri wa Baridi, maana wizara yake ilikuwa chumba cha maiti: jokofu lenye droo sita, meza mbili za bati, na toroli lenye gurudumu linalolia. Jina alilipenda. Hawakujua kwamba miezi ya mwanzo waziri huyo aliingia kazini kwa woga. Gurudumu likilia, moyo unaruka.

Aliyemponya ni shemeji yake, fundi redio, aliyempa filamu za zamani za vichekesho, zile zinazoiga filamu za kutisha ili kuzifanyia mzaha. Kila kitu kilikuwemo: ukungu, ngome, radi inayopiga kila anapotajwa mwenye nyumba. Utamu wake ulikuwa kwamba waigizaji hawakujifanya wanachekesha. Walitetemeka kwa dhati. Ila zimwi liliogopa panya, na mfu aliyeketi ghafla jenezani aliuliza viatu vyake viko wapi. Waziri alicheka mpaka mbavu zikamuuma. Kesho yake alivuta droo bila kusita. Ikawa ndiyo dawa: dakika kumi za filamu kwenye simu kabla ya kuosha na kuvisha.

Dawa hiyo ilimfaa miaka kumi na moja. Kisha ikaja Jumanne moja, saa nne asubuhi.

Mzee mmoja alikuwa ameshaoshwa, yuko mezani chini ya shuka, anasubiri nguo kutoka kwao. Waziri akavuta kiti, akafungua simu. Mfu akaketi jenezani, akaulizia viatu. Kicheko kikamtoka chote, kile cha tumboni, kikagonga vigae na kurudi. Alipokuwa anafuta machozi akamwona mwanamke mlangoni, amekumbatia mfuko wa nguo.

"Nimegonga mara tatu," mwanamke alisema. "Huyo ni baba yangu."

"Dada, pole sana, mimi si—"

"Umeona nini kwake cha kuchekesha?"

"Si yeye, dada. Haki ya Mungu, si yeye. Ni filamu."

"Filamu! Haya, nisimulie. Na mimi nicheke."

Angeweza kudanganya. Uongo wenyewe haukuja.

"Kuna maiti," alianza. "Anaamka kwenye jeneza. Watu wanakimbia. Halafu yeye... anauliza viatu vyake viko wapi."

Hapakuwa na ukungu wala radi ya kumsaidia. Palikuwa na bomba linalodondosha maji, na nyayo za mzee zilizochungulia chini ya shuka, kikaratasi cha namba kimefungwa kwenye kidole gumba. Wote wawili waliziona wakati mmoja. Waziri akatamani ardhi ipasuke.

"Viatu nimeleta," mwanamke alisema. Akavitoa mfukoni, vyeusi, vimepigwa rangi, akaviweka mezani. "Sasa toka. Nitamvisha mwenyewe."

Akatoka. Nesi aliyepita na sinia la dawa alimkuta ameegemea ukuta. "Vipi, Waziri! Umefukuzwa wizarani?"

"Ndiyo," alijibu, na nesi akaona uso wake, akaenda zake.

Kupitia mlangoni alimsikia mwanamke akihema. Alijua amekwama wapi, mkono wa kulia, ambao haukunjiki tena.

"Dada," aliita taratibu, "anza na huo mkono mgumu. Pitisha wako ndani ya mkono wa shati, mshike kiganja, halafu—"

"Nimekwambia ufanye nini?"

"Nitoke."

"Basi nyamaza huko huko."

Akanyamaza. Kwake kumvisha mzee ilikuwa kazi ya dakika mbili, angeifanya amefumba macho. Akasikia mshono wa shati ukichanika, kisha mwanamke akaanza kulia, akimwita baba yake kwa sauti ya chini na kumwomba amlegezee mkono kidogo tu. Waziri alishika kitasa. Akakiachia. Akabaki pale nje, mikono nyuma, akisikiliza.