Nilifunga redio mpya kwenye antena ya zamani huko Goweko, bibi mmoja akaniokoa

Wakuu, wakubwa shikamooni, vijana hamjambo.

Hii si chai, si stori ya kutunga. Nilikuwepo mwenyewe, na aibu ilikuwa yangu.

Juzi hapa mtaani kwetu Cheyo, jirani yangu kanunua king'amuzi kipya, akakifunga kwenye dishi lake la zamani. Picha hakuna. Akaanza kulitukana dishi. Nikacheka, maana nami niliwahi kutukana hivyohivyo enzi za vijiji vya ujamaa, wengi wenu hamjazaliwa.

Shule niliiacha darasa la nne. Nikawa mtu wa kuzunguka: Nzega, Igunga, popote lori linapoelekea. Nilichopenda ni kufungua redio za watu nione ndani mna nini. Nyingine zilirudi kufungika, nyingine hapana.

Nikatua kijiji kimoja upande wa Goweko, kwa wakulima wa tumbaku. Miaka ile, asiye na shamba wala kazi aliitwa mzururaji, anarudishwa kwao.

Mimi kwetu hakukuwa na mtu tena.

Mwenyekiti wa kijiji akaniita. Walikuwa wamepata redio mpya ya betri, kina mama wa kisomo cha watu wazima wasikilize masomo yao. Ya zamani ilikufa, na fundi wake naye alishafariki. Antena yake ilibaki: waya mrefu juu ya miti miwili, na mwingine ulioshuka mpaka kwenye chuma kilichofukiwa ardhini.

"Ndugu fundi," akasema, "kipindi ni saa kumi. Redio ikisema, nakuandika mkazi. Isiposema, kesho unapanda lori."

Nikapanda mitini, nikasugua kutu, nikakaza nyaya, nikaunga redio, nikawasha.

Shwaaaa!

Kina mama walishakaa na madaftari yao. Mmoja akauliza, "Huyu ni fundi au anakaanga karanga?" Wakaangua kicheko. Kwa hasira nikasema antena ile ni takataka ya mzee asiyejua kazi.

Kumbe mjane wa mzee huyo, Bibi Nyamizi, alikuwa amekaa palepale. Hakukasirika.

"Mjukuu wangu, chuma kina kiu."

Mwenyekiti akaruka. "Bibi! Matambiko tulishakataza!"

Ndipo nikaelezwa. Fundi alikuwa akimwagia kile chuma maji kila asubuhi ya kiangazi. Alipofariki, mkewe akaendelea. Watu walipomwona kikongwe anamwaga maji chini huku ananong'ona, wakajua anatambikia mizimu. Akapigwa marufuku.

"Kunong'ona nilikuwa namsalimia mume wangu," bibi akasema. "Maji yalikuwa ya redio. Alisema udongo ukikauka, redio inakuwa kiziwi. Nani aliniuliza?"

Hakuna aliyeuliza. Hata mimi mjuaji sikuuliza.

Saa kumi ilikuwa imekaribia. Mwenyekiti akaenda mwenyewe kwenye mtungi, akajaza ndoo, akampa bibi kwa mikono miwili. Bibi akamwaga polepole, akisubiri udongo unywe, akamwaga tena.

Shwaa ikapungua. Ikapungua tena. Halafu sauti ya mwalimu ikatoka safi, kama yuko chumba cha pili.

Vigelegele! Kisha kila mama akashika kalamu yake.

Nikaandikwa mkazi. Kazi yangu ya kwanza ikawa kumchotea bibi maji. Mimi ambaye sikuwahi kumaliza miezi minne mahali, nilikaa pale miaka minne. Bibi hakuwahi kushika koleo la fundi, lakini kila alichomwona mumewe akifanya alikikumbuka, na alinifundisha chote. Mwalimu kama yule sijampata tena.

Funzo langu, wakuu: kabla hujalaumu kitu cha zamani, mtafute aliyekuwa akikitunza.

Kwa yule jirani wa dishi sikugusa hata waya. Nilimuuliza mkewe tu. "Babu, upepo hulizungusha hilo dishi," akasema. "Mimi hulirudisha kwenye alama niliyoipaka kwenye nguzo kwa rangi ya kucha. Mwenzangu hajaniuliza."

Akalisukuma kidogo kwa kiganja. Picha ikaja.

Haya, na huko kwenu nani anajua kitu ambacho hajawahi kuulizwa? Nawasoma hapa.