Mawe ya Chuo Kikuu

Juzi, kwenye basi la kutoka Tottenham, mbele yangu walikaa mama Mtanzania, sare ya unesi ikichungulia chini ya koti, na bintiye aliyepata nafasi chuo kikuu Kanada.

Binti alikuwa anasita. "Mama, kile chuo ni cha zamani sana. Kina wenyewe."

"Wenyewe akina nani? Hebu soma kilianzaje."

Binti akafungua simu, akasoma kimoyomoyo, kisha akaeleza kwa Kiswahili cha kuungaunga: kilianza na chumba kimoja na wanafunzi wachache. Jengo la kwanza wakulima walichangia mbao, wakasomba mawe kwa mikono yao.

Mama akaketi wima. "Kumbe walitoka kijiji kizima kufanya msaragambo kama sisi!" Nusu ya basi ikageuka. "Bibi yako alisomba mawe ya shule niliyosoma mimi. Kichwani, kwa ngata. Na darasani hakuingia hata siku moja." Akamshika mkono. "Ukifika, uguse ule ukuta. Halafu uwaambie: wenyewe tumefika."

Binti akacheka, akafuta macho, akabonyeza palipoandikwa kukubali nafasi.

Mimi nilipitiliza vituo viwili. Nikarudi kwa miguu mvuani, kifua mbele, kama vile bibi yule ni wangu.