Mume wa Betri

Magoti ya wifi yangu yana sugu nene kama visigino vya mtu aliyekua bila viatu. Watu humwita Mama Magoti, naye huitika bila kununa, kwa sababu magoti hayo ndiyo yaliyowalisha yeye na kaka yangu tangu ujana wao. Mtumbwi wa maji ya kasi hauendeshwi kwa kukaa kitako. Unapiga magoti, unabana mapaja kwenye mbavu zake, na mto ukikutupa kushoto mnatupwa pamoja, wewe na chombo, kama mtu na suruali yake. Ndivyo alivyosafirisha watu na mizigo kwenye korongo letu, mahali ambapo mto unateremka kwa ngazi na kila ngazi ina jina lake.

Kaka yangu alikaa katikati na kopo. Kazi yake ilikuwa kukumba maji na kuyamwaga nje, maana kila ngazi inapiga wimbi ndani, na mtumbwi ukishajaa hausikii tena kafi. Unakwenda unakotaka wenyewe. Nchi kavu kaka alikuwa mtu wa maneno mengi, lakini mle ndani alikuwa na mawili tu. "Mzito!" maana yake maji yamezidi, tafuta pa kusimama. "Mwepesi!" maana yake twende. Mkewe hakugeuka hata siku moja kuhakikisha. Hilo nimeliona mwenyewe, sikusimuliwa. Mtumbwi ule nimeupanda mara nyingi kuliko wengi wanaojisifu leo.

Kisha bega la kaka likaanza kugoma. Mkwe wao, fundi wa pikipiki, akaleta pampu ya umeme, kitu kidogo kama kikombe cha chai, akaifunga sakafuni mwa mtumbwi. Betri ya pikipiki akaitia kwenye bakuli la plastiki lenye kifuniko cha kubana, na swichi akaiweka karibu na goti la wifi. Bonyeza kwa goti, pampu inanguruma, maji yanaruka nje kwa mpira ubavuni. Mikono yote miwili inabaki kwenye kafi.

Wifi alifurahi. Kaka akavimba.

"Kumbe umeolewa tena," akamwambia. "Mume wa betri. Hali, hakoromi."

"Wala haombi chai kila saa," wifi akamjibu.

Ukaanza utani mbaya, ule unaochekesha wageni na kuwauma wenyewe. Pampu ikilia, kaka anasema inakohoa. Ikinyamaza, imekufa, tuizike. Kila safari alikuwa na kasoro mpya ya kuitajia, mpaka wifi akaacha kumsikiliza. Mwishowe kaka akabaki nyumbani. Na mwanamume asiye na kazi hakosi kupanda juu ya bati. Akaenda kuziba tundu lisilomsumbua mtu, akateleza, mkono ukavunjika mpaka mfupa ukachungulia nje.

Zahanati walimsafisha wakamfunga. Haikuchukua muda vidole vikabadilika rangi, homa ikapanda. Muuguzi akatuita pembeni.

"Hospitali, leo hii. Mkichelewa, mkono utakatwa. Mkichelewa zaidi, mtamzika nao."

Barabara ilikuwa imekatwa na maporomoko ya udongo wiki ile ile. Ilibaki njia ya mto, nao ulikuwa umefura.

Wifi alikwenda chumbani kwao, akachukua kisu cha mkate, akalikata godoro lao la sponji katikati, nusu akaitandika ndani ya mtumbwi ili mumewe asiumie. Mimi nikakaa kichwani pake, nimeushika ule mkono uliofungwa vibao.

Ngazi ya kwanza tuliishuka vizuri. Wimbi lilitupiga kifuani, wifi akabonyeza, pampu ikanguruma, maji yakaruka nje. Ya pili vilevile. Kaka alikuwa amefumba macho, midomo imemkauka.

Ya tatu tunaiita Kinu. Maji yaliingia zaidi. Pampu ikanguruma, mpira ukatema kidogo, kisha ukakauka.

"Yameisha," wifi akasema.

"Mama," kaka akanong'ona, "mgongo wangu unaoga."

"Pumzika, mzee."

"Huyo mumeo ananguruma bure. Hatemi kitu."

"Wivu hata leo? Hata na homa?" Macho ya wifi yalikuwa mbele. "Wifi, hebu mfunike huyo."

Nilichungulia sakafuni, sikuona dimbwi. Lakini mtumbwi ulikuwa umeingiwa na uvivu. Wifi alivuta kafi tukwepe mwamba, pua ikageuka polepole kama ng'ombe aliyeshiba, na mwamba ukatukwangua ubavu mzima. Mbele yetu nikaanza kuisikia ngazi ya mwisho. Hiyo inaitwa Sufuria, na wapo iliowachukua ambao hatukuwapata hata kuwazika.

Kaka akafungua macho. Uso wake haukuwa na mzaha tena. Akakusanya pumzi yote aliyobakiwa nayo.

"Mzito!"

Wifi hakugeuka. Hakuuliza. Neno lile lilikuwa halijasemwa mle tangu pampu ije, na mwili wake ukaliitika kabla ya akili. Akaulaza mtumbwi ubavu, akachoma kafi nyuma ya jiwe kubwa, maji yakatuzungusha, tukajikuta kwenye maji yaliyolala. Kutoka pale niliiona Sufuria ikirusha povu.

"Godoro," kaka akasema.

Nililibonyeza kwa kiganja, maji yakabubujika hadi kwenye kifundo cha mkono. Yote yalikuwa mle. Sponji ilikuwa imeyanywa, na chembe zilizomeguka pale lilipokatwa zilikuwa zimeziba matundu ya pampu. Tulilivuta kutoka chini yake huku anauma meno, zito kama ndama, tukalisukumia mtoni. Wifi akang'oa chujio la pampu, akachokonoa sponji kwa kucha, akalirudisha. Akabonyeza. Mpira ukakohoa, ukatapika vibonge vya njano, kisha maji yakaruka nje kwa nguvu.

Sakafu ikakauka, na bado wifi hakuondoka. Goti kwenye swichi, kafi mkononi, hakuutazama hata huo mpira. Alikuwa anamsubiri mumewe.

Kaka alikuwa amelala mgongo mtupu sakafuni. Kila mtikisiko ulimpitia mkononi, na machozi yalimtoka. Nikadhani hatasema.

"Mwepesi," akasema.

Tukaingia Sufuria. Nilichoona mle ni maji tu, juu, chini na puani. Tulipotokea upande wa pili pampu ilikuwa bado inanguruma, na kaka chini yangu anarudia, "Mwepesi... mwepesi..." kama anayeota.

Mkono haukukatwa. Umepinda, haushiki kopo. Siku hizi kaka amerudi mahali pake katikati ya mtumbwi, na abiria mmoja alimuuliza anafanya kazi gani ilhali pampu ipo.

"Huyu mwenzangu ana mikono," akasema, akiielekeza pampu kwa kidevu, "lakini hana mdomo."

Niliwaambia wanunue godoro jingine, watu wazima hawalali hivyo.

"La nini, wifi?" Mama Magoti akacheka. "Nusu iliyobaki inatutosha tukibanana."

"Na yule wa betri," kaka akadakia, "analala nje."