Nimefuta wasifu wa babu, nikausingizia umeme

Jamani, leo nimedanganya na nimeaminiwa.

Kwenye kompyuta ya nyumbani nina kompyuta pepe, yaani kompyuta ndani ya kompyuta, ya kujifunzia. Ukiiharibu, unairudisha ilivyokuwa jana.

Leo niliiacha wazi, imejaa skrini nzima. Shangazi akakaa, akachapa humo humo wasifu wa marehemu babu, wa kusomwa kwenye hitma kesho. Kwa kidole kimoja, tangu asubuhi!

Alipokwenda kuswali, mimi bila kutazama nikairudisha ilivyokuwa jana, na wasifu ukafutika.

"Mbona sioni kitu?"

"Umeme ulikatika, shangazi."

"Maskini mwanangu! Na kazi zako nazo zimepotea?"

Sasa anachapa upya. Kila mstari ananiita nimsomee.

Ananiita tena.

Nimwambieje?